Utabiri wa Agosti, godoro la Novemba

*Haya ni maneno ya mwandishi wa kujitegemea aliyoyatoa mbele ya vijana wa kijiwe kimoja cha Mabibo, jirani na soko la ndizi. Tumeyachapa kama alivyoyasema, ila tumepunguza vicheko na kelele za bodaboda.*



Nimeombwa niseme juu ya mvua. Naona wengine mmekunja uso. Mlidhani nakuja kuwapa habari za vigogo, nani kala nini, nani kajenga wapi, na mimi nakuja na mawingu. Subirini kidogo. Mvua haina kadi ya chama, lakini wanaolala majini ni walewale walalahoi kila mwaka, na hilo si kazi ya mawingu peke yake.

Kwanza nijitambulishe, maana siku hizi kila mtu ni mtaalamu. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Niliishia kidato cha nne, na Jiografia nilipata D, ambayo mwalimu wangu aliiita huruma ya msahihishaji. Naandika habari kwa kulipwa kila habari. Ikitoka nakula, isipotoka nakunywa maji nalala.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mwishoni mwa Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa, hawa TMA, walitangaza mwelekeo wa mvua za vuli. Walisema bila kung'ata maneno kwamba kuna El Niño, na kwamba sehemu kubwa ya mikoa inayopata vuli itegemee mvua za wastani hadi juu ya wastani. Habari ile niliiandika mimi. Ikatoka. Nikalipwa. Nikanunua chipsi mayai hapo barabarani, nikarudi kulala chumbani kwangu bondeni, hatua kama thelathini kutoka kwenye mkondo wa maji. Sikuhamisha hata kijiko.

Novemba, saa tisa usiku, niliamka kwa sababu mguu mmoja ulikuwa wa baridi. Nikadhani nimejifunua shuka. Kumbe godoro limekunywa maji mpaka limeshiba, na ndoo yangu ya kuogea inazunguka chumbani kama mgeni anayetafuta mlango wa kutokea. Redio ilikuwa sakafuni, ikafa papo hapo. Na cheti changu cha kidato cha nne, ambacho kama mnavyojua mtu wa chumba kimoja hukitunza chini ya godoro, nilikitoa kikiwa uji. Ile D ya Jiografia ilifutika kabisa. (Mnacheka. Hata mimi sasa nacheka.)

Niambieni, nani alinikosea? TMA walisema. Redio ilisema. Mimi mwenyewe nilisema, tena kwa malipo. Kati ya Agosti na ule usiku wa Novemba zilipita wiki zaidi ya kumi, na katika wiki hizo mimi sikufanya kitu, mwenye nyumba hakufanya kitu, na mfereji wa mtaani kwetu hakuna aliyeuingiza hata chepe moja. Hizo wiki kumi ndizo zilizonileta hapa. Mvua yenyewe haiahirishwi na mtu. Ila wiki hizo ni zetu, na kila mwaka tunazila kama karanga.

BAHARI MBILI, CHUNGU KIMOJA

Tuanze na misimu, kwa wale waliokuwa wanatoroka shule. Sisi wa pwani tunapata mvua mara mbili. Masika, Machi mpaka Mei. Vuli, Oktoba mpaka Desemba. Sababu yake ni kwamba upo ukanda wa mvua ambao hulifuata jua. Jua likielekea kusini ukanda unatupitia, likirudi kaskazini unatupitia tena. Wenzetu wa Dodoma, Iringa, Mbeya, Songea na Mtwara wao wana msimu mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili. Kwa hiyo ukisikia TMA wanatangaza vuli, ujue wanasema na Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Zanzibar, kaskazini ya Morogoro, Kilimanjaro, Arusha, Manyara na mikoa ya Ziwa Victoria. Mtu wa Songea akikupigia simu kulalamika kwamba utabiri wa vuli umemdanganya, mwambie haukuwa wake.

Mambo haya wazee wetu waliyajua bila setilaiti. Mabaharia walihesabu upepo wa kaskazi na wa kusi, wakajua lini jahazi litoke na lini lirudi. Unguja na Pemba walikuwa na mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na mkulima alijua mwongo wa ngapi ni wa kupanda nini. Ule haukuwa ushirikina. Ilikuwa kumbukumbu ya watu waliokuwa wanaangalia mbingu kila siku. Lakini hesabu ile ilikueleza msimu unakuja lini. Haikukueleza vizuri kama safari hii utakuja na kikombe au na pipa.

Na hapo ndipo bahari inapoingia. Tazameni chungu cha mama ntilie. Moto ukiwa mkali mvuke unajaa banda zima, moto ukiwa hafifu hata kifuniko hakitoi jasho. Bahari ni hivyo hivyo. Yako maji mawili ya kuchunga. Ya kwanza yako mbali, Bahari ya Pasifiki upande wa Amerika ya Kusini. Yakipata joto kupita kawaida wanaita El Niño, yakipoa wanaita La Niña. Ya pili ni hii Bahari ya Hindi yetu wenyewe. Maji ya upande huu wa Afrika Mashariki yakiwa ya moto kuliko ya kule Sumatra, Indonesia, mvuke na mawingu vinakuja kwetu na vuli inafura. Ikiwa kinyume chake, Indonesia wanapata mvua na sisi tunapata vumbi. Wanasayansi walilipa jina jambo hili la Bahari ya Hindi mwaka 1999 tu. Maana yake lilikuwa likitulowesha siku zote, ila halikuwa na jina.

Bahari zote mbili zikishirikiana, kimbia. Ndivyo ilivyokuwa 1997. Wazee waliopo hapa wanakumbuka vuli iliyoanza na kugoma kuondoka, ikaungana na masika ya 1998. Barabara zilikatika, reli ya kati ikakatika, kipindupindu kikapita, na kaskazini mwa nchi pamoja na Kenya ikazuka homa ya Bonde la Ufa iliyoua mifugo na watu. Tangu hapo neno El Niño likaingia kwenye Kiswahili chetu, hata daladala ikipakia watu kupita kiasi mtu alisema hii sasa elinino.

Lakini msije mkadhani El Niño pekee ndiyo kila kitu. Mwaka 2015 Pasifiki ilichemka kweli kweli, dunia nzima ikatangaza, na hapa kwetu vuli haikuwa hata karibu na ile ya 1997. Watu wakawacheka watabiri. Halafu 2019 Pasifiki haikuwa na jambo kubwa, lakini Bahari ya Hindi upande wetu ikapata moto usio wa kawaida, na Afrika Mashariki nzima ikaogelea. Waliokuwa wanasubiri kusikia neno El Niño ndipo wahame waliona maji mlangoni kabla ya neno.

MKEKA WA MVUA

Sasa nawaingia penyewe. Hapa kijiweni kila mmoja ana mkeka mfukoni, usinifiche, nimekuona. Mnajua kusoma uwezekano kuliko wahasibu. Yanga ikicheza na timu iliyopanda daraja jana, wewe unajua Yanga ana nafasi kubwa, na bado unajua anaweza kufungwa. Akifungwa huendi kuchoma nyumba ya aliyepanga namba zile. Unasema mpira unadunda.

Mwelekeo wa msimu ni mkeka. Kila kabla ya msimu wataalamu wa nchi zetu hizi, tangu 1998, hukutana kulinganisha hesabu zao chini ya kituo cha hali ya hewa cha IGAD kilichoko Kenya, kinachoitwa ICPAC. Wanatoa ramani ya eneo zima, kuanzia Sudan mpaka kwetu. Kisha kila nchi inarudi nyumbani kutengeneza ya kwake kwa undani. Ya vuli kwetu hutangazwa kuelekea mwisho wa Agosti, ya masika mwanzoni mwa mwaka.

Hesabu yao ni hii. Chukua vuli za miaka thelathini. Zipange kutoka ile kavu kuliko zote mpaka ile yenye maji kuliko zote. Zikate mafungu matatu, kumi kumi. Kumi kavu ni chini ya wastani, kumi za katikati ni wastani, kumi za maji ni juu ya wastani. Kama hujui lolote, kila fungu lina nafasi asilimia 33, kama kurusha kete yenye pande tatu. Mtaalamu akitazama bahari anasema, kwa mfano, safari hii juu ya wastani asilimia 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Hajakuambia mafuriko yanakuja. Amekuambia mzani umeinama upande huu, na kwamba mara mbili katika kumi inaweza kuwa kavu. Ukimsikia mtangazaji anasema TMA wamethibitisha mafuriko, mtangazaji huyo hakusoma karatasi. Nasema hivyo nikiwa mmoja wao.

Na jambo la pili, ambalo mimi nilichelewa kulielewa. Mwelekeo wa msimu unahesabu miezi mitatu kwa jumla. Haukwambii siku. Msimu unaweza kuitwa wa wastani kwenye vitabu, huku mvua ya mwezi mzima imemwagika siku mbili. Desemba 2011 mji huu ulipata mvua ambayo wakubwa wa hali ya hewa walisema haijaonekana tangu 1954. Siku chache tu, na watu wapatao 40 wakafa, wengi wao huku mabondeni. Kwa hiyo ukishajua mwelekeo wa msimu, bado unahitaji utabiri wa siku tano, na zile rangi. Manjano ni angalizo. Rangi ya chungwa ni tahadhari. Nyekundu ni tahadhari kubwa, na hapo usiulize kama mechi imeahirishwa, beba mtoto na vyeti upande juu.

Kuna anayesema TMA huwa wanakosea. Ndiyo, hukosea. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilisubiriwa hapa kwa hofu, kikafifia kabla ya kutufikia, na watu wakapiga miluzi. Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, kimbunga Hidaya kikaja kweli mpaka Mafia. Yule aliyepiga miluzi kwa Jobo akabaki na ngalawa yake majini kwa Hidaya, je, amemkomoa nani?

MAJI YANATOKA WAPI

Mabibo ni jina la tunda, bibo la mkorosho. Mikorosho imeisha, limebaki jina. Lakini ardhi haijasahau ilivyolala. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu huko Kisarawe, unapita Vingunguti, unapita Kigogo, unaingia Jangwani na kumwaga baharini pale Selander. Vijito vya Ubungo, Luhanga na Sinza vinauongezea njiani. Sisi tupo katikati ya vijito hivyo. Ndiyo maana unaweza kukaa hapa kijiweni jua linawaka, hakuna hata wingu, na mto ukaja juu kwa sababu imenyesha Pugu. Mtoto wa Mabibo anayesubiri aone tone ndipo aondoke, amechelewa.

Na tukubali yetu. Ndizi za Tukuyu, Moshi na Morogoro zinashushwa hapa sokoni, na kila lori linaacha majani ya mgomba na mikungu ya kutosha kuziba kalavati tatu. Mvua ikianza kunyesha kuna watu, na wapo hapa, huiona mvua kuwa ndiyo gari la taka. Na wengine hungoja usiku wa mvua ili watapishe vyoo. Kisha asubuhi mtoto anachezea maji yale yale. Kile kipindupindu kilichozunguka nchi nzima kilianzia Kinondoni, Agosti 2015, nasi wakati ule tulikuwa Kinondoni hiyo hiyo, kabla hatujakatiwa wilaya ya Ubungo. Huyo mtapisha vyoo hakuagizwa na kigogo yeyote.

Lakini wakubwa nao nisiwaache wakapita. Baada ya mafuriko ya 2011 watu wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, wakapewa viwanja. Wengi walirudi. Magazeti yakawaita wakaidi. Hakuna aliyepiga hesabu ya nauli. Mtu anabeba mikungu hapa sokoni alfajiri kwa kibarua cha siku, ukimweka Mabwepande nauli inakula kibarua. Chumba cha bondeni kina bei moja, chumba cha kule juu karibu na lami kina bei mara mbili. Mtu anakaa majini kwa hesabu, hakai kwa ujinga. Anayetaka kumwondoa aanze na hesabu ile.

Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, pamoja na misaada mingine. Pale Jangwani, ambapo mabasi ya mwendo kasi yalijengewa karakana kwenye njia ya mto kana kwamba mto haukuwahi kuonekana, watu watapata daraja la juu. Vizuri sana. Lakini mkopo ule utalipwa na nani? Na wewe muuza soksi. Basi una haki ya kuuliza kijito cha kwenu kimo kwenye ramani ile au mwisho wa mradi ni kule wanakopita wakubwa.

Na hii mnayoiona kwenye televisheni kila mwaka, mheshimiwa amevaa mabuti, anakabidhi magodoro na unga, mimi naiita sherehe ya baada ya mazishi. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliifukia Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa alisimama Bungeni akasema mvua za msimu ule zimeua watu 155 nchini. Watu 155. Na mwelekeo ulitangazwa Agosti iliyotangulia, siku za jua kali, mitaro mikavu, chepe linaingia bila taabu. Magodoro ya msaada yalinunuliwa baadaye. Yangekuwaje kama sehemu ya fedha ile ingenunua mafuta ya kijiko cha kuchimbia mtaro mwezi Septemba?

Ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Inataka kamati za maafa kuanzia taifa mpaka huku chini kwetu. Nimezunguka mitaa minne kuuliza nani wajumbe. Mtaa mmoja nilionyeshwa majina ubaoni, nashukuru. Wa pili mtendaji aliniambia nirudi Jumatatu. Wa tatu niliulizwa natumwa na chama gani. Wa nne, mzee mmoja alisema, mwanangu, kamati ya maafa ni sisi tunaoamshana usiku. Sijapata jibu bora kuliko hilo.

UKAME NAO UNA MLANGO

Msidhani mkeka huu ni wa mafuriko tu. Vuli ya 2021 na ya 2022 zilikuja na La Niña. Kenya, Somalia na Ethiopia zilikosa misimu mitano mfululizo ya mvua, ng'ombe wakafa kama nzi. Hapa kwetu Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua, maji yanayozalishwa kwa ajili ya jiji yakashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku mpaka milioni 300, na mgao ukatangazwa. Mnakumbuka foleni za madumu. Novemba umeme nao ukaingia mgao, kwa kuwa mabwawa yanakunywa mto ule ule wa mawingu. Kinyozi alikaa na mashine kimya, fundi wa kuchomea akalala mchana, muuza barafu akawa muuza maji.

Tena palepale kuna kijana wa hapa aliyesikia mwelekeo mapema, akakopa, akanunua mkokoteni na madumu kabla bei haijapanda. Simtaji jina, atakuja kuombwa. Wengine wote tulikuwa wateja wake. Mwelekeo ule ule ulitangazwa bure, redio ile ile.

Kwa hiyo tazameni kazi zenu. Wewe wa ndizi, ukisikia mwelekeo wa msimu wa Mbeya ni maji mengi, ujue ndizi zitakuwepo shambani lakini lori litakwama, bei itapanda na kuoza kutaongezeka. Wewe fundi ujenzi, usichukue kazi ya kumwaga zege la msingi bondeni mwezi wa Novemba kwa bei ya mkupuo. Wewe wa bodaboda unajua mwenyewe, mvua inaleta abiria lakini inaleta mashimo, na hesabu ya tajiri haisimami. Wewe wa mitumba, balo la makoti ununue Februari au usinunue, hilo linategemea kama unasikiliza.

Ameniuliza ndugu yangu pale, eti je, mabadiliko ya tabianchi yameua misimu, hakuna tena cha kutabiri? Hapana, kaka. Misimu ipo. Jua bado linavuka, upepo wa kusi bado unavuma. Ila bahari zina joto kuliko za babu zetu, na hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi, kwa hiyo ikimwaga inamwaga kwa hasira. Kumbukumbu ya babu inakupa mwezi, haikupi tena kipimo. Hiyo ndiyo sababu ya kuwasikiliza watu wa setilaiti hata kama suti zao haziwapendezi.

Na jambo hili vijana wanaliweza. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakapita kata za jiji hili na simu, wakachora kila mtaro, kila nyumba, kila mahali maji yanapofika. Hawakuwa na mabuti ya mheshimiwa. Ramani zile zipo, mtu yeyote anaweza kuziona. Mtendaji akikuambia hajui maji yanapita wapi, mwonyeshe.

Nataka tukubaliane hapa kabla kahawa haijaisha. Siku mwelekeo unatangazwa, mmoja wetu ausome hapa kijiweni kwa sauti, wote asilimia, si kichwa cha habari. Wiki ileile tuombe mkutano wa mtaa, na swali liwe moja tu: mtaro upi unazibuliwa, lini, na nani. Liandikwe kwenye muhtasari, na mwandishi wenu huyu atachapa majibu kama yalivyo, likiwemo lile la rudi Jumatatu. Wafanyabiashara wa sokoni wakae na wachukuzi waseme majani ya mgomba yanakwenda wapi. Nyumba zenye wagonjwa na vikongwe zijulikane, na ajulikane kijana gani anabisha hodi mlango gani rangi ya chungwa ikitoka.

Bado naona mkono mmoja. Haya, sema mdogo wangu. Anauliza, kama najua yote haya, je, nimehama bondeni?

Sijahama. Chumba cha juu nimekiulizia, kodi yake ni mara mbili na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na gazeti, mhariri yupo hapa ananisikia, hulipa linapopenda. Kitanda changu kipo juu ya matofali sita. Cheti kipya kipo kwa dada yangu Kimara, kilimani. Redio nimeitundika ukutani, usawa wa kichwa.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tunaanzia kalavati la nyuma ya soko. Machepe tunayo matatu, moja halina mpini. Mwenye mpini aje nao.